Siagi Ni Ipi? Jina Moja na Mafuta Mengi katika Maduka ya Embulbul

Mkanganyiko ulivyo

Katika maduka madogo ya Embulbul, mtaa ulio kando ya Barabara ya Ngong kati ya Karen na mji wa Ngong katika Kaunti ya Kajiado, mteja anayeagiza siagi ya kupima huchotewa kijiko cha majarini kutoka kwenye mkebe wa manjano, kikafungwa kwenye karatasi ya nailoni, naye akaenda zake akiamini kwamba amepata alichokiomba. Majarini ni mafuta ya mimea yaliyochanganywa na maji, yakagandishwa na kutiwa rangi, na hayatoki kwa ng'ombe. Muuzaji hakusema uongo, na mnunuzi hakudanganywa kwa maana ya kawaida, kwa kuwa wote wawili wanalitumia neno hilo kwa namna moja. Hata hivyo, mteja huyohuyo akiingia katika duka kubwa la Ngong au la Kitengela atakuta rafu moja ina pakiti mbili zinazofanana kwa rangi na umbo, moja imeandikwa kwa Kiingereza kuwa ni siagi na nyingine kuwa ni mafuta ya kupaka mkate, na ile ya kwanza ina bei ya juu zaidi.

Tatizo huonekana wazi zaidi pale neno linapobeba uamuzi. Mgonjwa mwenye shinikizo la damu huambiwa kliniki apunguze siagi, asijue kama ushauri huo unahusu kile anachopaka mkate kila asubuhi. Mama aliyeelezwa kwamba mtoto wake hapatani na maziwa hushindwa kujua kama siagi ya dukani nayo imo katika marufuku. Msomaji wa Biblia hukuta kwamba Ibrahimu aliwaandalia wageni wake siagi, akawaza mkebe wa manjano. Mzozo unaozuka katika hali kama hizo huelekezwa haraka kwenye lawama: wengine husema watu hawajui Kiswahili, wengine husema wafanyabiashara ni walaghai. Lawama zote mbili zinaruka historia ndefu ya neno na historia fupi ya biashara, na bila historia hizo mbili haiwezekani kueleza kwa nini jina moja limekuja kubeba vitu vingi kiasi hicho.

Jina la ng'ombe na jibini

Neno la Kiingereza linalomaanisha siagi lilipitia Kilatini, butyrum, ambacho nacho kililitoa katika Kigiriki, boutyron. Umbo la neno hilo la Kigiriki laonekana wazi: bous ni ng'ombe na tyros ni jibini, hivyo siagi iliitwa jibini la ng'ombe. Jina hilo linaeleza mengi kuhusu waliolibuni. Wagiriki walifuga zaidi mbuzi na kondoo, na mafuta yao ya chakula na ya mwili yalitoka kwenye zeituni. Kitu kilichopatikana kwa kusukasuka maziwa kilikuwa kigeni kwao, wakakipa jina la kitu walichokijua. Herodoto, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alieleza jinsi Waskithia, wafugaji wa kaskazini ya Bahari Nyeusi, walivyotikisa maziwa ya farasi katika vyombo vya mti. Baadhi ya wataalamu hushuku kwamba Wagiriki walitohoa neno la Kiskithia na kulipa sura ya Kigiriki ili lieleweke. Vyovyote iwavyo, tangu mwanzo lilikuwa jina lililotolewa na watu wa nje wakikitazama chakula cha wafugaji. Plinio Mkubwa, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, aliendeleza mtazamo huo alipoieleza siagi kuwa chakula cha thamani cha mataifa aliyoyaita ya kishenzi.

Kutoka Kilatini neno lilienea hadi Kijerumani, Kifaransa, Kiitalia na Kiingereza, lakini halikushika nafasi hiyo Ulaya nzima. Wareno walitumia manteiga na Wahispania mantequilla, na neno la Kireno likavuka bahari hadi Kimalei, ambako siagi huitwa mentega mpaka leo.

Jambo linalogusa pwani ya Afrika Mashariki moja kwa moja limo katika Periplus ya Bahari ya Erithrea, mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1. Mwandishi wake, akitaja bidhaa zilizoletwa kutoka Gujarati, hasa bandari ya Barygaza ambayo leo ni Bharuch, hadi bandari za Pembe ya Afrika, anaorodhesha ngano, mchele, mafuta ya ufuta, nguo za pamba, asali ya miwa, na boutyron. Bidhaa hiyo haikuweza kuwa siagi kama ile inayowekwa leo kwenye jokofu, kwa sababu siagi yenye maji ndani yake isingestahimili wiki kadhaa za safari katika joto la Bahari ya Hindi. Wafasiri wengi wa kisasa hukubaliana kwamba ilikuwa samli, yaani siagi iliyochemshwa hadi maji yakaisha na machicha yakatengwa. Kwa hiyo, karibu miaka elfu mbili iliyopita, katika maji yaleyale yanayopakana na Uswahilini, neno hili tayari lilikuwa likitumiwa kwa vitu viwili.

Tafsiri za Biblia zinaonyesha utelezi wa aina hiyohiyo. Kiebrania kina neno hem'ah katika Mwanzo 18:8 na Isaya 7:15. Wafasiri wa kale wa Kigiriki waliandika boutyron, Waingereza wa mwaka 1611 wakafuata kwa neno lao la siagi, na Kiswahili kikarithi siagi. Wataalamu wa leo huona kwamba Kiebrania kilikusudia maziwa ya mgando. Mfugaji wa Kajiado, ambaye humkaribisha mgeni kwa maziwa yaliyoganda ndani ya kibuyu, angemwelewa Ibrahimu vizuri zaidi kama tafsiri isingepitia Ugiriki.

Mafuta, samli na siagi

Kiswahili hakikuwa na upungufu wa maneno katika uwanja huu. Neno pana kuliko yote ni mafuta, ambalo ni la asili ya Kibantu na lina ndugu zake kila upande: maguta katika Kikuyu, mauta katika Kikamba, amafuta katika Luganda. Neno hilo halibagui chanzo. Mafuta yaweza kuwa ya ng'ombe, ya nazi, ya ufuta, ya taa au ya kujipaka, na kinachotofautisha ni kiambatisho kinachofuata. Desturi hii ya kutaja jina pana na kulifunga kwa "ya" ni muhimu sana kwa hoja itakayofuata.

Samli ni la Kiarabu, samn, ambalo sauti yake ya mwisho iligeuka katika vinywa vya Waswahili. Lilikuja na bidhaa yenyewe, kwa kuwa samli ilikuwa mali ya biashara baina ya pwani ya Somalia, Uarabuni, India na Zanzibar, ikaingia katika pilau, biriani na mikate ya kumimina. Kiwango cha kimataifa cha leo kinataka samli iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 99.6, na kiwango hicho kinaeleza kisayansi jambo ambalo wapishi wa pwani walilijua kwa macho: maji yakishaisha, mafuta hukaa miezi bila kuoza.

Siagi ni neno la tatu, na umbo lake lenyewe linafunga milango kadhaa ya kubahatisha. Halikutoka kwenye zubda, jina la Kiarabu la siagi, ingawa Kiarabu ndicho kilichotoa samli. Halikutoka kwenye manteiga, ingawa Wareno waliacha meza, bendera, gereza na mvinyo. Halikutoka kwa Waingereza, kwa kuwa lilikuwamo katika kamusi kabla utawala wao haujatulia. Baadhi ya kamusi za zamani zilizieleza maana za neno siagi kuwa mafuta ya maziwa yaliyosukwa na pia malai, yaani utando wa mafuta unaoelea juu ya maziwa yaliyotulia, na maelezo hayo yanaonyesha kwamba kwa Mswahili wa karne ya 19 siagi ilikuwa hatua ya njiani, kitu kinachoonekana kati ya maziwa na samli, ambacho mara nyingi hakikusubiri kesho. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981 haina utata katika hili: siagi ni mafuta yatokanayo na maziwa.

Hali ya hewa ndiyo iliyopanga uzito wa maneno haya. Siagi huanza kuyeyuka kwenye joto la nyuzi thelathini na kitu, jambo la kawaida Mombasa au Lamu, na huchachuka kwa siku chache. Palipo na joto, watu huitengeneza siagi ili waigeuze samli. Ankole, magharibi mwa Uganda, ilijenga sahani ya heshima juu ya msingi huo, eshabwe, mchuzi mweupe wa samli na maji ya magadi unaoandaliwa kwenye harusi. Siagi ngumu ya kukatwa kwa kisu na kupakwa mkate ni bidhaa ya nchi za baridi au ya nyumba zenye jokofu.

Kutoka kwenye kibuyu hadi kwenye chai

Embulbul iko katika ardhi ya Wamaasai, na katika jamii hiyo maziwa, yaitwayo "kule" kwa Kimaasai, yana msamiati mpana ulio mikononi mwa wanawake. Maziwa hukamuliwa ndani ya enkukuri, kibuyu kirefu kinachosafishwa kwa kijinga cha mti wa oloirien, yaani mzeituni mwitu, ambao moshi na makaa yake huzuia uozo na kuacha ladha ya moshi. Yakiachwa humo huwa kule naoto, maziwa ya mgando. Yakitikiswa, mafuta hujitenga na kushikana, nayo huitwa eilata, neno ambalo, sawa na mafuta kwa Kiswahili, hubeba mafuta ya aina zaidi ya moja. Mafuta hayo hayakuwa ya mkate. Yalilishwa watoto wachanga na wazazi waliotoka kujifungua, na yalichanganywa na olkaria, udongo mwekundu, kwa kupaka nywele za morani na vichwa vilivyonyolewa katika sherehe. Jina la udongo huo ndilo lililobaki katika eneo la Olkaria karibu na Naivasha, ambako sasa umeme wa mvuke wa ardhini huzalishwa.

Siagi ya kiwandani ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1925 walowezi walianzisha Kenya Co-operative Creameries, iliyojulikana kwa herufi KCC, ili kusindika na kuuza siagi na malai ya mashamba yao ya Bonde la Ufa, kwa kiasi kikubwa kwa ajili ya soko la nje. Bodi ya Maziwa ya Kenya iliundwa kwa sheria mwaka 1958. Kwa mkaazi wa kawaida wa Kajiado, siagi ya aina hiyo ilikuwa chakula cha mezani kwa wengine.

Hesabu ya maziwa inaeleza kilichofuata vizuri kuliko hoja yoyote ya utamaduni. Ili kupata kilo moja ya siagi yenye asilimia 80 ya mafuta, zinahitajika takribani lita 20 za maziwa yenye mafuta ya asilimia 4. Mfugaji wa Ngong au Kitengela mwenye ng'ombe wawili wa kisasa hawezi kuyaona maziwa lita 20 kuwa malighafi ya kilo moja ya siagi wakati Nairobi iko karibu na wapangaji wa jirani wanataka maziwa ya chai kila asubuhi. Soko la maziwa lilipofunguliwa mwaka 1992 na KCC ikayumba, hadi ilipofufuliwa kama New KCC mwaka 2003, uuzaji wa maziwa mabichi ulishika kasi, na leo mashine za kupimia maziwa ambazo watu huziita ATM zimejaa katika miji ya kaunti hiyo. Maziwa yanayobaki huuzwa yakiwa mala, yaani ya mgando. Siagi hutengenezwa na viwanda vyenye malai ya ziada, na bei yake inabeba mzigo wa zile lita 20.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Neno siagi lilikuwapo shuleni, vitabuni na katika Biblia, ilhali kitu chenyewe kilikuwa kimetoka kwenye kibuyu na hakikufika dukani. Nafasi ilikuwa wazi, na kitu kingine kiliingia.

Lulu iliyogandishwa

Mwaka 1869 mkemia Mfaransa Hippolyte Mège-Mouriès, akiitikia wito wa Napoleon III wa kutafuta mbadala wa bei nafuu wa siagi kwa wanamaji na maskini, alitengeneza mafuta ya kupaka kutokana na mafuta ya ng'ombe. Aliyaita kwa jina lililotokana na asidi ya mafuta ambayo mkemia mwenzake Michel Chevreul aliipa jina la lulu kwa Kigiriki, margarites, kwa sababu ya mng'ao wake. Wanaisimu wengi hulihusisha neno hilohilo la Kigiriki, kupitia Kiaramu, na marjan la Kiarabu, ambalo Kiswahili hulitamka marijani. Majarini na marijani, basi, ni binamu wa mbali. Mwanzoni mwa karne ya 20 uvumbuzi wa Mjerumani Wilhelm Normann, ambaye alipata hataza ya kugandisha mafuta ya maji kwa hidrojeni, uliwezesha majarini kutengenezwa kwa mafuta ya mimea peke yake.

Wafugaji hawakuipokea kimya. Marekani iliitoza majarini kodi maalumu mwaka 1886, jimbo la Wisconsin likapiga marufuku uuzaji wa majarini ya manjano hadi mwaka 1967, na Quebec, Kanada, ikaendelea na marufuku kama hiyo hadi mwaka 2008. Ugomvi huo wote ulikuwa juu ya rangi na jina, kwa sababu wafugaji walifahamu kwamba mnunuzi hutambua siagi kwa vitu hivyo viwili.

Nchini Kenya hapakuwa na ugomvi wa aina hiyo. East Africa Industries, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, iliuza Blue Band kwa miongo mingi, ikiiweka katika mikebe midogo, ikiitangaza kwa ajili ya afya ya watoto, na ikiifikisha kila duka. Haihitaji jokofu kwa ulazima, na hupimika kwa kijiko. Unilever iliuza biashara yake ya mafuta ya kupaka mwaka 2018, lakini jina la bidhaa likabaki na limekuwa nomino ya kawaida: watu husema mkate na blueband hata mkebe ukiwa wa kampuni nyingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kimbo, jina la mafuta magumu ya kupikia, ambalo mikebe yake mitupu pamoja na ya wenzake iligeuka gorogoro ya kupimia mahindi na maharagwe sokoni. Wakenya waliojifunza shuleni kwamba kinachopakwa mkate ni siagi waliona blueband ikipakwa mkate, wakahitimisha kwa mantiki isiyo na dosari kwamba blueband ni siagi.

Msimamo wa viwango

Kundi la kwanza katika mzozo huu linashikilia kwamba siagi ni ya maziwa tu. Tume ya Codex Alimentarius, chombo cha FAO na WHO kinachoweka viwango vya chakula duniani, inataka siagi iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 80 na maji yasiyozidi asilimia 16, na kiwango chake cha mwaka 1999 kuhusu majina ya bidhaa za maziwa kinazuia majina hayo kupewa vitu visivyo vya maziwa. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikazia hivyo mwaka 2017 katika kesi ya kampuni ya TofuTown, iliyokuwa ikiuza vyakula vya soya kwa majina ya maziwa na siagi.

Nguvu ya msimamo huu iko kwenye pesa na afya. Mnunuzi anayelipia mafuta ya maziwa anastahili kuyapata. Ushauri wa daktari nao hutegemea jina: siagi ina lehemu, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta yaliyoshiba, yaani yale yanayohusishwa na kupanda kwa lehemu mbaya katika damu. Majarini ya mimea haina lehemu, lakini ile ya zamani iliyogandishwa kwa hidrojeni nusunusu ilibeba mafuta yenye madhara makubwa zaidi kwa moyo, ambayo WHO ilitoa wito mwaka 2018 yaondolewe duniani, na ile inayotengenezwa kwa mawese huwa na mafuta yaliyoshiba kwa kiasi kisicho kidogo. Kuyaita yote siagi ni kumfungia mgonjwa mlango wa kuuliza swali sahihi.

Udhaifu wake ni kwamba unafanya kazi kwenye karatasi. Kijiko cha kupima cha Embulbul hakina kibandiko. Zaidi ya hayo, kibandiko kilichopo mara nyingi kinamweleza mnunuzi kwa Kiingereza, hivyo kanuni inalinda neno la Kiingereza na kuliacha neno la Kiswahili lijitafutie. Wenye msimamo huu pia hulazimika kukubali vighairi. Codex yenyewe inaruhusu majina yaliyozoeleka ambayo hayampotoshi mtu, kama siagi ya karanga. Waholanzi, ambao sheria yao ililinda neno la siagi kwa ukali, waliita siagi ya karanga pindakaas, yaani jibini la karanga, na hakuna anayeweza kudai kwamba ukweli ulisogea mbele kwa hatua hiyo.

Msimamo wa matumizi

Kundi la pili husema kwamba lugha ni ya wasemaji wake. Kwa maoni yao siagi imekwisha kupata maana ya umbile: kitu laini, chenye mafuta, kinachopakika. Ndiyo maana kuna siagi ya karanga, siagi ya kakao inayotumika kutengeneza chokoleti, na siagi ya shea ya Afrika Magharibi ambayo imeingia katika mafuta ya ngozi yanayouzwa hadi Ngong. Hoja hii ina uzito zaidi kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Maana za maneno hupanuka kwa njia hii katika kila lugha, na hakuna mnunuzi wa siagi ya shea anayedhani kwamba imekamuliwa kwa ng'ombe.

Hata hivyo, wanaotetea matumizi huchanganya mambo mawili yasiyo sawa. Katika siagi ya karanga, kiambatisho kinafanya kazi yote, kwa kuwa kinataja chanzo. Kilichomo kinajulikana, na hatari zake pia zinajulikana kuwa ni za karanga, kama sumu ya kuvu iliyoifanya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, isimamishe aina kadhaa za siagi ya karanga mwaka 2019. Siagi tupu inapotumiwa kwa majarini, kiambatisho hakipo, na chanzo kinafichika. Upanuzi wa kwanza unaongeza taarifa, wa pili unaipunguza. Wala haiwezi kusemwa kwamba Kiswahili kililazimika, kwani neno majarini limekuwapo kwa miaka mingi na matamshi yake hayamsumbui mtu.

Msimamo wa kukopa, na masuala ya mkate

Kundi la tatu ni dogo na hoja yake ni fupi. Wasemaji wa mijini husema bata, kwa kufuata matamshi ya Kiingereza, ili waiteue siagi halisi. Kiswahili tayari kina bata ndege, Wakenya wana viatu vya Bata, na vijana wa Tanzania husema kula bata kwa maana ya kujistarehesha. Msikilizaji hana budi kukisia. Kubwa zaidi ni kwamba neno la mkopo haliponyi kilichouguza neno la zamani: anayeita majarini siagi ataiita bata kesho.

Mkopo wenye athari zaidi ni wa methali na misemo. Wanahabari na wanasiasa huzungumzia masuala ya mkate na siagi wakimaanisha mahitaji ya msingi, kauli iliyochukuliwa nzima kutoka Kiingereza, nayo inaiweka siagi mahali ambapo haijawahi kuwa katika nyumba za Kajiado. Wakenya walipoandamana kwa sababu ya gharama ya maisha walidai bei ya unga ishuke, na unga ndio kipimo chao. Kwa upande wa kubembeleza kwa hila, ambako Mwingereza husema mtu amepakwa siagi, Kiswahili kina usemi kamili zaidi, kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, ambao ndani yake mpakwaji anahisi utelezi na hapati mafuta. Maana za kisitiari za siagi, kwa hiyo, ni za kuazima, na hazipaswi kutumiwa kama ushahidi wa jinsi neno linavyoishi miongoni mwa wasemaji.

Kupima hoja

Misimamo hii ikiwekwa kwenye mizani, inadhihirika kwamba mzozo wa msingi hauhusu usafi wa lugha. Unahusu mtu asiye na fedha nyingi, anayenunua kwa kijiko, na ambaye jina ndilo kibandiko pekee anachopewa. Kwa mtu huyo, msimamo wa viwango una haki kuhusu lengo lakini unakosea kuhusu mahali pa kulifikia, na msimamo wa matumizi una haki kuhusu siagi ya karanga lakini unakosea kuhusu blueband. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili afaidi anachokinunua, na Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Zikisomwa pamoja, ni vigumu kuona kwa nini mkebe unaouzwa Embulbul usiseme kwa Kiswahili kilichomo ndani yake.

Gharama ya kurekebisha ni ndogo, lakini ipo. Watengenezaji wa majarini watapoteza faida ya kujibanza nyuma ya jina zuri, na wanunuzi wengine watahisi kwamba chakula chao kimeshushwa hadhi. Hisia hiyo haina msingi. Majarini ni chakula halali, nafuu, na mara nyingi huongezewa vitamini A, kirutubisho ambacho sheria ya Kenya, tangu mwaka 2012, inakitaka pia katika mafuta ya kupikia. Inaweza kuuzwa kwa jina lake bila aibu.

Utaratibu unaofaa umo tayari katika desturi ya Kiswahili iliyoelezwa hapo juu kuhusu neno mafuta. Siagi isiyo na kiambatisho ibaki ya maziwa. Ya karanga, kakao na shea zitajwe kwa vyanzo vyao. Iliyochemshwa ikaisha maji iitwe samli. Na iliyogandishwa kutokana na mafuta ya mimea iitwe majarini, iwe ya Blue Band au ya kampuni nyingine yoyote. KEBS na Bodi ya Maziwa wanaweza kuyaweka maneno hayo manne kwenye viwango vyao kwa Kiswahili, walimu wakayafundisha kwa mikebe halisi mbele ya darasa, na wahudumu wa kliniki wakamuuliza mgonjwa anapaka nini mkate wake kabla ya kumwambia apunguze siagi. Mwenye duka naye anaweza kuandika neno majarini kwa kalamu nzito ubavuni mwa mkebe anaochotea, ili hata mteja wa kijiko kimoja asome kilichomo.